Ukiona Vyaelea, Mdogo Wangu

Haya wadogo zangu, leo nawaita jikoni, na sijawaita kula. Meseji zenu za wiki hizi mbili zimekuwa za kilio kimoja. Mmeziona zile picha za matone ya mafuta juu ya maji ya rangi, zimepigwa kwa karibu mno mpaka tone dogo kama punje ya dengu linajaza picha nzima na kung'aa kama jicho la paka. Mkajaribu nyumbani. Mmoja kapata kitu kama mchuzi uliochacha. Mwingine kamaliza nusu chupa ya mafuta ya mama yake na hana picha hata moja ya kumwonyesha mtu. Na mmoja, huyu ndiye aliyeniuma roho, anasema ameshajijua hana kipaji, kamera kairudisha kabatini.

Itoe kabatini, mwaya. Nani kakutuma uirudishe?

Wazee wetu walisema ukiona vyaelea vimeundwa. Walikuwa wakitazama majahazi, lakini neno lao linakaa sawa kabisa juu ya bakuli la mafuta. Yale matone unayoyaona yameelea kwa utulivu, kila moja na mahali pake, yana mtu nyuma yake aliyekaa saa mbili akingoja, akafuta, akamwaga, akaanza upya. Wewe unaonyeshwa picha moja. Zile mia tatu alizotupa hakuonyeshi. Kwa hiyo usijipime kwa picha moja ya mwenzio na mia tatu zako za kwanza, utajionea bure.

Ngoja nikwambie yangu, ili ujue unaongea na mtu aliyepita huko. Mara ya kwanza nilichukua bakuli la plastiki, nikatia maji na rangi nyekundu ya chakula. Nikaona haitoshi, nikaongeza ya kijani. Nikaona bado, nikatia ya bluu. Kisha nikamimina mafuta robo kikombe na kukoroga kwa mwiko kama napika uji wa mgonjwa. Nikapata maji ya mfereji wa sokoni siku ya mvua. Na kwa kiburi cha ujana nikayapiga picha hivyo hivyo, mia mbili na kitu. Nilipozifungua kwenye kompyuta nikakuta mia mbili za tope, na katikati ya kila tope taa ya dari imekaa kama mwezi. Nililia, sikufichi. Jicho langu la siku ile ndilo hili hili ninalotumia leo. Kilichoniponza ni pupa.

Na ninyi wengi wenu mnaponzwa na hiyo hiyo. Mnatia kingi, mnakoroga sana, mnapiga haraka. Basi tupunguze kimoja kimoja.

Tafuta bakuli bapa la kioo, lile la kuokea keki linafaa sana, lisilo na maua wala maandishi chini. Lioshe, likaushe, lisiwe na alama za vidole, kwa sababu kwa karibu hivyo unywele mmoja unaonekana kama kamba ya meli. Liinue juu ya mafungu mawili ya vitabu, liwe sentimita 25 hadi 30 kutoka mezani. Chini yake, mezani, ndipo rangi zinapokaa. Hapo mnashangaa, eti Dada, rangi si ziko ndani ya maji? Picha nyingi mnazozisifu, maji yake ni meupe kabisa. Rangi zinatoka kwenye kitambaa au karatasi iliyolazwa chini, na kwa kuwa iko mbali na fokasi, inalainika na kuwa wingu la rangi. Nyumbani kwetu nani amekosa kanga? Laza kanga yako yenye wekundu na manjano, au kitenge, au hata makaratasi ya pipi uliyoyanyoosha. Mwanga, uwe wa dirisha au wa tochi uliyoifunika karatasi nyeupe, uelekeze kwenye kitambaa kule chini, usiumulike juu ya maji. Ukimulika juu utapata ule mwezi wangu wa dari.

Sasa maji, kina cha vidole viwili. Yaache yatulie, mapovu ya hewa yapande yapasuke. Kisha mafuta, kijiko kimoja cha chai. Nimesema cha chai, sikusema cha kupakulia. Alizeti ya Singida inatosha na inatoa kimanjano kizuri cha asali. Mafuta ya watoto yasiyo na rangi yanatoa matone kama kioo. Mawese mekundu ya Kigoma, ukiyapasha kidogo yakalainika, yana rangi yake ya kuzaliwa, huhitaji kuongeza kitu. Mafuta ya nazi, mdogo wangu wa Dar au Mombasa, yatumie utakavyo. Lakini wewe wa Njombe au Lushoto yatakuganda bakulini, maana huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Wala usije ukasema Dada kakudanganya.

Kwa nini mafuta yanaelea wala hayachanganyiki? Maji yana tabia ya kushikana yenyewe kwa yenyewe kama ndugu wa tumbo moja, na mafuta hayamo katika undugu huo, kwa hiyo yanasukumwa pembeni. Tena ni mepesi: lita moja ya maji ni kilo moja, na lita ya mafuta ya kupikia ni gramu 920 hivi. Basi yanakaa juu, yanajikunja duara. Ukiyaacha, matone yanatafutana na kuungana mpaka yanakuwa sahani moja kubwa isiyo na mvuto. Hapo ndipo unapomleta mshenga, yaani sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, ikikaa katikati yao matone yanabaki madogo madogo, yamejipanga kama shanga. Tone moja la sabuni, au mawili. Kisha gusa taratibu kwa njiti ya kiberiti, mara tatu nne, uache. Ukizidisha sabuni na kukoroga, mshenga anakuwa mwingi wa maneno, anawachanganya bwana na bibi mpaka bakuli zima linakuwa jeupe kama maji ya mchele. Likishafika hapo mwaga. Maji yakimwagika hayazoleki, na mafuta yaliyovurugika ndiyo kabisa.

Haya, na wewe uliyeshikilia kwamba lazima rangi iwe ndani ya maji, sikukatazi. Ila jua jambo moja: rangi ya chakula ya maji maji huingia kwenye maji tu, mafuta haiyawezi. Na hapo ndipo kuna mchezo ninaoupenda kuliko yote. Chukua glasi ndefu, tia maji, juu yake mimina mafuta unene wa kidole. Kisha dondosha tone moja la rangi nyekundu juu ya mafuta, na usiguse kitu. Tone litakaa ndani ya mafuta kama punje ya komamanga, duara kamili. Litashuka polepole, kwa uvivu, utadhani linawaza. Likifika mpakani mwa mafuta na maji litasimama. Utahesabu labda tatu, labda kumi. Halafu ghafla litapasuka kwa chini, na uzi mwembamba wa wekundu utateremka majini, utajikunja, utagawanyika, utafunguka kama ua la hina kwenye kiganja cha bi harusi. Mdogo wangu, mara ya kwanza nilipoliona hilo nilisahau kubonyeza kamera. Na sijutii, kwa sababu mara ya pili nilijua ni wakati gani.

Umeelewa ninachokwambia? Kabla hujapiga, tazama. Ukitazama mara tano bila kamera, ya sita utaijua inavyokuja. Mnaobonyeza bonyeza tangu tone la kwanza mnaishia kuwa na picha nyingi za kabla na za baada, na ile ya katikati mmeikosa. Na rangi ziwe mbili, mwisho. Nyekundu na manjano wanaelewana, bluu na kijani wanaelewana. Ukiwaita wote watatu, nyekundu, manjano na bluu, kwenye bakuli moja, watakuzalia udongo. Mimi nilishakuambia yangu.

Tuje kwenye kamera, maana hapa ndipo mnapojifichia. "Dada, sina lenzi ya makro." Mchagua jembe si mkulima. Ndiyo, lenzi ya makro ya kweli inapiga kitu kwa ukubwa wake halisi kwenye kihisio cha kamera, na ni raha. Lakini ni ghali, na wapo wanaotumia mirija ya kuiweka mbali lenzi ya kawaida na kamera, wapo wanaoigeuza lenzi nyuma mbele, wapo wanaobana kioo kidogo juu ya lenzi ya simu. Na simu tupu nayo inaweza. Kosa lenu la simu ni kuisogeza mpaka inakaribia kunywa maji. Ikikaribia mno haishiki fokasi. Rudi nyuma kidogo, kuza mara mbili, ukate picha baadaye. Halafu shika fokasi kwa kidole kwenye ukingo wa tone, uifunge hapo hapo, la sivyo simu itarukia kanga kule chini.

Na huyo anayesema hana maabara wala studio, ngoja nimpe habari ya bibi mmoja wa Ujerumani, Agnes Pockels. Alizaliwa mwaka 1862, akaishi Braunschweig. Enzi hizo wasichana kwao hawakupokelewa chuo kikuu, na yeye alikuwa nyumbani akiuguza wazazi na kuosha vyombo. Katika maji ya vyombo akaona jinsi mafuta na sabuni vinavyobadili uso wa maji. Wengine tungemwaga tukalale. Yeye akatengeneza beseni la bati, akaweka kipande cha bati cha kusukuma uso wa maji, akawa anapima kwa mizani na kuandika, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1891 alimwandikia barua mwanasayansi mkubwa wa Uingereza, Lord Rayleigh, naye akaipeleka barua ile kwenye jarida la Nature, ikachapwa mwaka huo huo. Mwaka 1932, akiwa na miaka 70, chuo kikuu cha mji wake kikampa udaktari wa heshima. Kisa chake kilianzia kwenye karai la vyombo, mdogo wangu. Wewe una karai, na una simu ambayo yeye hakuiota. Unataka nini tena?

Wenye kamera nzito sikilizeni kidogo. Isimamishe kwenye stendi, itazame chini wima kabisa, uso wa lenzi uwe sambamba na uso wa maji. Ukiilaza hata kidogo, nusu ya matone yatakuwa makali na nusu yatakuwa ukungu, maana kwa ukaribu huo sehemu iliyo kwenye fokasi ina unene wa karibu milimita moja tu. Anzia f/8. Matone hayatulii hata yakionekana yametulia, kwa hiyo kasi ya shata isipungue 1/200 ya sekunde, mwanga ukiwa haba pandisha ISO, chengachenga kidogo hazijamuua mtu. Fokasi iwe ya mkono. Na tafadhali, zima pangaboi! Najua joto la Dar, najua jasho litakutiririka mgongoni, lakini pangaboi likizunguka uso wa maji unatetemeka na hutaliona tetemeko hilo mpaka umekaa kwenye kompyuta. Jifunge kitambaa kichwani pia. Jasho lako likidondoka bakulini si athari ya kisanii.

Ukitazama vizuri ndani ya matone utaona jambo la kukustaajabisha. Kila tone ni lenzi ndogo. Linapinda mwanga unaotoka kwenye kanga, na mara nyingi wekundu ulioko kushoto kwa tone utaukuta ndani yake umehamia kulia. Sogeza kanga kidogo tu, na dunia nzima iliyomo kwenye tone inageuka. Nimewahi kutumia asubuhi nzima kuvuta kanga nusu sentimita, nusu sentimita, chai ikapoa, na nilikuwa na furaha ya mtoto.

Sasa nikuonye, na hapa nakunja uso kabisa. Taa ya umeme wa ukutani usiiweke chini ya bakuli la maji. Bakuli linateleza, mikono ina mafuta, na umeme hauna undugu na mtu. Tumia mwanga wa dirisha au tochi ya betri. Simu ukiiweka chini kama tochi, itie kwenye mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, mimi nilizika simu moja kwa ubishi huu huu. Pili, mafuta ya taa, petroli na thina marufuku jikoni. Najua mmeona yale madimbwi ya gereji yenye rangi za upinde wa mvua mkatamani. Rangi zile ni utando mwembamba wa mafuta unaochezea mwanga, kweli ni nzuri, basi zifuate huko huko gereji ukapige. Usimlete mgeni wa moto ndani ya nyumba yenye jiko na watoto.

Tatu, sinki. Nilimwaga yangu yote sinkini, na siku ya tatu sinki likagoma, likarudisha kila kitu juu na harufu yake. Fedha niliyomlipa fundi ingetosha kununua mafuta ya miezi. Mafuta yafyonze kwa gazeti kuukuu, utupe kwenye taka, ndipo uoshe bakuli. Wala usiyarudishe kwenye chupa ya kupikia kwa kuonea huruma kijiko kimoja. Yana sabuni. Utawaharisha watu, halafu utaniandikia tena.

La mwisho ni la moyo, maana najua ndilo linalowatoa wengi. Umepata picha, umeipenda, umemwonyesha mtu nyumbani, naye kauliza, "Hii picha ya nini?" Ukanywea. Usinywee. Picha dhahania haina jina la kuzaliwa nalo, kila mtu huipa lake. Ile niliyoidhania mwezi na nyota zake, baba yangu aliitazama sana, akavaa miwani, akasema, "Mayai ya kukaanga." Nilinuna siku mbili. Leo ndiyo jina lake, na kila nikiitazama nacheka. Akikuuliza ya nini, mwambie ni mafuta na maji, halafu umuulize yeye anaona nini. Utasikia mambo.

Ila usimdanganye mtu kwamba ni sayari uliyoipiga kwa darubini. Kuna filamu ya mwaka 2006, The Fountain, ambayo picha zake za anga zilitengenezwa kwa sehemu kubwa na Peter Parks kwa kupiga vimiminika kwa makro, vitu vya kwenye kisahani kidogo, navyo kwenye skrini vikawa mbingu. Hakuna aliyeona aibu kusema vilitoka kisahanini. Na wewe jikoni kwenu kusikutie aibu. Ukisema ukweli, anayeitazama picha ataistaajabia mara mbili: anavyoiona, na anapojua ni kijiko cha alizeti juu ya kanga ya shangazi.

Basi Jumamosi hii asubuhi, kabla jua halijawa kali, keti. Bakuli la kioo, maji vidole viwili, mafuta kijiko cha chai, sabuni tone moja, pangaboi limezimwa. Dakika kumi za mwanzo usiguse kamera. Piga picha ishirini tu, chagua moja, uiandikie pembeni ulichotia na ulichopunguza, ili wiki ijayo usianze gizani. Ukimaliza, osha bakuli, lirudishe ulipolitoa. Na wewe uliyemaliza nusu chupa, pita dukani ukanunue mafuta ya mama, umrudishie kabla hajauliza.